Pac-12

Pac-12 ni muungano wa michezo wa vyuo vikuu vya magharibi mwa Marekani. Chimbuko lake ni chama kilichoundwa mwezi Desemba 1915 mjini Portland, jimbo la Oregon. Kwa zaidi ya miaka mia moja ulihesabiwa kati ya miungano mikubwa ya nchi hiyo, na wanachama wake walitwaa mataji ya taifa zaidi ya 500 katika michezo mbalimbali, idadi ambayo hakuna muungano mwingine ulioifikia. Kati ya Juni 2022 na Septemba 2023, wanachama 10 kati ya 12 walitangaza kuhama. Ilipofika Agosti 2024 walikuwa wamebaki wawili tu, Oregon State na Washington State. Hawakuhama kwa sababu ya kushindwa uwanjani. Walihama kwa sababu ya fedha za televisheni.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulielewa jambo hili akilipima kwa michezo ya wanafunzi anayoifahamu, ambapo timu za vyuo hukutana kwa siku chache kisha kurudi madarasani. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle huingiza watazamaji wapatao 70,000, yaani zaidi ya Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam unaoingiza 60,000. Wachezaji ni wanafunzi, lakini makocha, madaktari, wapishi, wanasheria na wauzaji wa tiketi wanaowazunguka ni waajiriwa, na idara ya michezo ya chuo kikubwa hutumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka.

Muungano ni nini

Wamarekani huuita muungano wa namna hii konferensi. Ni chama cha vyuo vinavyokubaliana kucheza wenyewe kwa wenyewe kila msimu, kuwa na ratiba moja, waamuzi wa pamoja na bingwa wao. Hauko chini ya serikali, na hakuna kupanda wala kushuka daraja kama katika ligi za soka. Chuo huingia kwa kukaribishwa na huondoka kwa hiari yake. Chuo kinachoshika mkia kila mwaka hubaki kuwa mwanachama na kwa kawaida hupata mgawo wake sawa na bingwa.

Juu ya miungano hiyo ipo NCAA, chama cha taifa kilichoanzishwa mwaka 1906, ambacho hutunga kanuni na kuendesha mashindano ya ubingwa katika michezo mingi. Watu wengi hudhani kwamba NCAA ndiyo inayoshika fedha zote. Sivyo ilivyo. Fedha zake nyingi hutokana na mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume yanayofanyika kila Machi. Futiboli ya Kimarekani, mchezo unaoingiza fedha nyingi kuliko yote vyuoni, iliponyoka mikononi mwake mwaka 1984.

Kabla ya mwaka huo NCAA ndiyo iliyoamua ni mechi ngapi za futiboli zitaonyeshwa kwenye televisheni na ni vyuo vipi vitaonekana. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia viliishtaki, na tarehe 27 Juni 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba utaratibu huo ulivunja sheria ya ushindani wa biashara. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Colorado. Alihofu kwamba biashara ingeimeza elimu. Colorado, chuo chake mwenyewe, baadaye kiliingia Pac-12 na kuhama tena kwa ajili ya televisheni.

Tangu hukumu hiyo, haki za matangazo ni mali ya vyuo, na vyuo huziuza kwa pamoja kupitia muungano. Hapo ndipo uanachama ulipogeuka kuwa mtaji. Chuo kilicho katika muungano wenye mkataba mnono hupata mamilioni hata kama timu yake haina watazamaji wengi, na chuo chenye timu nzuri katika muungano dhaifu hubaki na makombo.

Historia hadi 2011

Waanzilishi wa 1915 walikuwa vyuo vinne: California (kilicho Berkeley), Washington, Oregon na kile ambacho leo ni Oregon State. Waliuita umoja wao Pacific Coast Conference. Washington State kiliingia mwaka 1917, Stanford mwaka 1918, USC na Idaho mwaka 1922, Montana mwaka 1924, na UCLA mwaka 1928. Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu ya besiboli mwaka 1947, alikuwa amechezea UCLA michezo minne tofauti ndani ya muungano huu.

Mwaka 1956 ilifichuka kwamba wafadhili wa vyuo kadhaa walikuwa wakiwalipa wachezaji kwa siri. Adhabu zilileta uhasama usiotibika, na mwaka 1959 muungano ulivunjwa. California, Stanford, UCLA, USC na Washington viliunda umoja mpya vikiwaacha wenzao nje. Walioachwa ni pamoja na Washington State na Oregon State, majina yale yale yatakayoachwa tena miaka 64 baadaye. Safari hiyo walirudishwa: Washington State mwaka 1962, Oregon na Oregon State mwaka 1964. Idaho hakikurudi tena.

Jina lilibadilika kufuata hesabu ya wanachama. Lilikuwa Pac-8 mwaka 1968, likawa Pac-10 mwaka 1978 vilipoingia Arizona na Arizona State, kisha Pac-12 mwaka 2011 vilipoingia Colorado na Utah. Miungano mingine haijali hesabu hiyo. Muungano uitwao Big Ten, maana yake Kumi Wakubwa, una wanachama 18, na ule uitwao Big 12 una 16.

Fedha za idara ya michezo

Mapato ya idara ya michezo ya chuo kikubwa yana vyanzo vichache vinavyojulikana. Upo mgawo kutoka muungano, ambao sehemu yake kubwa ni televisheni. Zipo tiketi za futiboli na mpira wa kikapu, michango ya wahitimu matajiri, na mikataba ya kampuni za viatu na nguo. Visipotosha, chuo chenyewe hutia ruzuku kutoka bajeti yake, au huwatoza wanafunzi wote ada ya michezo, hata yule asiyewahi kukanyaga uwanjani. Vyuo vinavyocheza futiboli ya daraja la juu ni zaidi ya 130, lakini vinavyojitosheleza bila ruzuku ni vichache.

Upande wa matumizi ni mpana zaidi. Futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume ndivyo hulipia michezo iliyobaki: kuogelea, riadha, makasia, voliboli, mieleka na mingineyo. Chuo cha daraja la juu hutakiwa kuwa na michezo isiyopungua 16, na sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, imevilazimu vyuo kuwapa wasichana nafasi za michezo pamoja na ufadhili wa masomo. Kwa hiyo pengo la televisheni halimgusi mchezaji wa futiboli kwanza. Humgusa muogeleaji. Stanford, chuo tajiri kuliko vingi duniani, kilitangaza Julai 2020 kwamba kingefuta michezo 11, na kilibatilisha uamuzi huo Mei 2021 baada ya wahitimu kuja juu.

Mshahara wa kocha ni fungu la pekee. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala mkuu wa chuo bali ni kocha wa futiboli. Mikataba yao huandikwa kwa namna ambayo kumfukuza kocha ni ghali kuliko kumvumilia: Texas A&M, chuo cha muungano wa SEC, kilipomwachisha kazi Jimbo Fisher Novemba 2023, kilibaki na deni kwake la zaidi ya dola milioni 75.

Halafu kuna majengo. Chuo cha California kilikarabati uwanja wake wa Berkeley, ambao umejengwa juu ya ufa wa tetemeko la ardhi, na kuongeza jengo la mazoezi kando yake. Gharama zilipita dola milioni 400, na riba zake zimeilemea idara ya michezo kwa miaka mingi hata ikabidi chuo chenyewe kibebe sehemu ya mzigo. UCLA nacho, chuo dada katika mfumo huohuo wa umma, kilikuwa kimelimbikiza nakisi ya zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka mitatu iliyoishia 2021. Janga la UVIKO-19 lilichangia, ila halikuwa sababu pekee. Nakisi hii ni muhimu katika kuelewa yaliyofuata.

Mkataba wa 2011 na stesheni ya muungano

Mwaka 2011 kamishna Larry Scott aliuza haki za matangazo kwa ESPN na Fox kwa miaka 12, kwa kiasi kilichokaribia dola bilioni 3. Kwa wakati huo hakuna muungano uliokuwa na mkataba mkubwa kiasi hicho, na Scott alisifiwa kila mahali. Tatizo lilikuwa urefu wake. Bei za matangazo ya michezo ziliendelea kupanda, na miungano mingine iliyofanya mazungumzo baadaye ilipata zaidi, huku Pac-12 ikiwa imefungwa hadi 2024.

Kosa la pili lilikuwa stesheni ya televisheni. Big Ten ilikuwa imeanzisha yake kwa ubia na Fox, na SEC baadaye ikashirikiana na ESPN. Pac-12 iliamua kumiliki yake kwa asilimia 100. Ilianza Agosti 2012 ikiwa na chaneli moja ya taifa na sita za mikoa. Hoja ya umiliki kamili ilisikika vizuri, kwamba faida yote itabaki nyumbani. Lakini bila mbia mwenye nguvu, muungano ulishindwa kuilazimisha kampuni kubwa ya setilaiti, DirecTV, kuibeba chaneli hiyo, na nyumba nyingi hazikuipata kabisa. Faida iliyotarajiwa haikuonekana. Wakati huohuo makao makuu yalikuwa katikati ya San Francisco, mji wenye kodi za pango zinazojulikana kwa ughali, na mshahara wa kamishna ulipita dola milioni 5 kwa mwaka.

Jiografia nayo haikusaidia. Wakazi wengi wa Marekani wako mashariki na kati. Mechi inayoanza Los Angeles saa moja na nusu usiku, huko New York ni saa nne na nusu usiku, na humalizika watu wakiwa wamelala. Wanunuzi wa matangazo hulipia macho yaliyo wazi.

Katika mwaka wa fedha 2022–23 kila mwanachama wa Pac-12 alipata takriban dola milioni 33. Mwanachama kamili wa Big Ten alipata takriban milioni 60. Tofauti ilikuwa takriban milioni 27 kwa mwaka.

Kuondoka

Tarehe 30 Juni 2022, UCLA na USC vilitangaza kwamba kuanzia 2024 vitacheza Big Ten, muungano ambao chimbuko lake ni eneo la Chicago. Wiki chache baadaye Big Ten ilisaini mkataba na Fox, CBS na NBC wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Bila shaka soko la Los Angeles lilikuwa sehemu ya bei hiyo.

Wanachama 10 waliosalia waliahidiana kubaki pamoja, na kamishna mpya, George Kliavkoff, aliingia sokoni kutafuta mkataba. Hapa ilifanyika hesabu mbaya. Vyombo vya habari viliripoti kwamba ESPN ilikuwa tayari kulipa kiasi cha dola milioni 30 kwa kila chuo, lakini wakuu wa vyuo waliamini thamani yao ni kubwa zaidi, wakadai karibu 50. Mazungumzo yakafa. Oktoba 2022 muungano wa Big 12 ukajipenyeza mbele ya foleni na kufunga mkataba na ESPN na Fox uliotoa wastani wa milioni 31.7 kwa kila chuo. Haukuwa mnono sana, ila ulikuwa umesainiwa, na fedha za wanunuzi zikapungua.

Miezi tisa ikapita bila mkataba. Tarehe 27 Julai 2023 Colorado kiliondoka kwenda Big 12. Siku chache baadaye Kliavkoff aliwaletea wakuu wa vyuo pendekezo la kampuni ya Apple: mechi zingeonyeshwa kwa njia ya intaneti kwa watazamaji wanaolipia, kwa kiasi cha kuanzia kisichofika milioni 25 kwa chuo, na kingepanda iwapo wateja wangeongezeka. Wakuu wa vyuo waliambiwa wasaini asubuhi ya tarehe 4 Agosti. Badala yake, siku hiyohiyo Oregon na Washington vilikwenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah vikakubaliwa Big 12. Tarehe 1 Septemba Stanford na California vilipata hifadhi katika ACC, muungano ambao jina lake linataja pwani ya Atlantiki.

Si wote waliopokelewa kwa masharti sawa, na bei waliyokubali inaonyesha hofu iliyokuwepo. Oregon na Washington vilikubali takriban nusu ya mgawo wa wanachama wengine kwa miaka ya mwanzo. Stanford na California vilikubali takriban asilimia 30 ya mgawo wa televisheni wa ACC kwa miaka saba. Chuo cha SMU cha Texas, kilichoingia ACC siku hiyohiyo kutoka muungano mwingine, kilikubali kutopata chochote cha televisheni kwa miaka tisa, kwa kuwa wafadhili wake matajiri waliahidi kuziba pengo.

Bodi ya mfumo wa vyuo vikuu vya California, ambayo inasimamia UCLA na Berkeley pamoja, iliona kwamba chuo kimoja chake kimemponza kingine. Mei 2024 iliamua kwamba UCLA kiilipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka. Waandishi wa habari wa Marekani waliyatania malipo hayo kwa kuyaita posho ya matunzo baada ya talaka.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini hakuna aliyewazuia. Miungano mingi hujilinda kwa hati ambayo kila mwanachama huikabidhi haki zake za matangazo kwa muungano hadi tarehe fulani, hivyo anayeondoka mapema huziacha nyuma. Hati ya ACC inafika hadi 2036. Hati ya Pac-12 ilikoma pamoja na mkataba wa televisheni, katikati ya 2024. Aliyesubiri hadi siku hiyo alitoka bila kulipa faini.

Kesi ya Colfax

Oregon State kiko Corvallis na Washington State kiko Pullman, mji mdogo wa wakulima wa ngano karibu na mpaka wa Idaho. Havikualikwa popote. Timu zao hazikuwa mbovu kuliko za waliochukuliwa. Tofauti ni kwamba miji yao haina watazamaji wengi wa televisheni. Vyuo hivi ni vya umma na vilianzishwa kama vyuo vya kilimo na ufundi, wakati mahasimu wao wa jadi ndani ya majimbo yaleyale, Oregon na Washington, ndio walioondoka. Mechi ya Oregon na Oregon State ilianza kuchezwa mwaka 1894, na ile ya Washington na Washington State mwaka 1900.

Muungano ulikuwa bado na mali: fedha za msimu wa mwisho, mapato ya mashindano yaliyokuwa yakiendelea kuingia, na jina lenyewe. Waliokuwa wanaondoka walitaka kupiga kura juu ya mgawanyo wake. Septemba 2023 vyuo viwili vilifungua kesi katika mahakama ya wilaya ya Whitman, mjini Colfax, umbali mfupi kutoka Pullman. Hoja yao ilikuwa rahisi. Katiba ya muungano ilisema kwamba mwanachama anayetoa notisi ya kuondoka kabla ya 1 Agosti 2024 hupoteza kiti chake katika bodi. Na UCLA na USC vilipotoa notisi mwaka 2022, wengine wote waliitumia kanuni hiyo kuvitoa bodini bila malalamiko. Kanuni iliyowafaa dhidi ya wenzao sasa iliwageukia wao.

Tarehe 14 Novemba 2023 jaji Gary Libey alitoa zuio lililoviachia vyuo viwili usimamizi wa bodi. Mwezi Desemba Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ilikataa kuusikiliza rufani wake, na pande zote zikapatana. Walioondoka waliacha nyuma jumla ya takriban dola milioni 65 za mgawo wao, na vyuo viwili vikabaki na mali ya baadaye pamoja na madeni yake. Stesheni ya televisheni ilifungwa katikati ya 2024.

Wanamichezo

Katika mijadala ya mikataba wachezaji hutajwa kidogo, ingawa wao ndio wanaosafiri. Timu ya voliboli ya UCLA inayokwenda kucheza na Rutgers, chuo cha New Jersey kilicho jirani ya New York, huruka umbali unaozidi ule wa Nairobi hadi Cairo, kisha hurudi kwa ajili ya vipindi vya darasani. Timu ya futiboli husafiri mara chache, mwishoni mwa wiki, kwa ndege ya kukodi. Timu ndogo husafiri mara nyingi zaidi na kwa bajeti finyu, na hazikuwa sababu ya kuhama.

Kwa muda mrefu wachezaji hawakuruhusiwa kupata chochote zaidi ya ufadhili wa masomo. Hali ilibadilika kuanzia 1 Julai 2021, NCAA iliporuhusu mwanafunzi kulipwa kwa matangazo ya biashara yanayotumia jina na sura yake. Tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi iitwayo House, ambayo yanaviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, na yanatoa fidia ya dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa miaka ya nyuma. Chuo chenye mgawo mdogo wa televisheni hakiwezi kukifikia kikomo hicho. Hivyo mchezaji anayechipukia katika chuo kidogo huhamia kikubwa. Cam Ward alicheza Washington State hadi 2023, akahamia Miami, na mwaka 2025 akawa wa kwanza kuchaguliwa na ligi ya kulipwa ya NFL.

Wanafunzi wa kigeni wako nyuma katika jambo hili, maana viza ya mwanafunzi huwekea mipaka kazi za malipo. Hilo linawagusa Wakenya, ambao wana historia ndefu katika muungano huu, na hasa Washington State. Samson Kimobwa, mwanafunzi wa chuo hicho, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 mjini Helsinki. Mwaka uliofuata mwenzake Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000 mjini Berkeley, mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Seattle, mita 10,000 mjini Vienna na mita 3,000 mjini Oslo. Mbili za kwanza aliziweka kwenye viwanja vya vyuo vya muungano huu. Rono alifariki Februari 2024, wakati muungano aliouchezea ukihesabu miezi yake ya mwisho katika sura ile ya zamani. Baadaye Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, kati ya 2013 na 2017.

Juni 2025 Washington State, kikibana matumizi, kilitangaza kuondoa mitupo na miruko katika timu yake ya riadha na kupunguza mbio fupi. Kilichobakizwa kwa nguvu ni mbio ndefu.

Kuundwa upya

NCAA hutaka muungano wa daraja la juu wa futiboli uwe na wanachama wasiopungua wanane, lakini hutoa muda wa neema wa miaka miwili. Vyuo viwili viliutumia muda huo. Mwaka 2024 timu zao za futiboli zilipangiwa mechi na wanachama wa muungano wa Mountain West kwa malipo, na michezo mingine mingi ilipata hifadhi katika West Coast Conference. Timu ya besiboli ya Oregon State ilicheza msimu wa 2025 bila muungano wowote, na bado ikafika fainali za taifa mjini Omaha. Kiti cha kamishna kilikwenda kwa Teresa Gould, mwanamke wa kwanza kuongoza muungano wa ngazi hiyo.

Septemba 2024 Pac-12 ilitangaza kuwachukua Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State, kisha Utah State, wote kutoka Mountain West, muungano uleule uliokuwa umewapa ratiba. Mkataba wa ratiba ulikuwa na kifungu cha faini kwa kila mwanachama atakayenyakuliwa, ikianzia dola milioni 10 na kupanda kwa nusu milioni kila anapoongezeka mmoja. Kwa watano ilifika milioni 55. Pac-12 ilikwenda mahakamani kudai kwamba faini hiyo inavunja sheria ya ushindani wa biashara, sheria ileile iliyotumika mwaka 1984 dhidi ya NCAA.

Oktoba 2024 kiliongezwa Gonzaga, chuo cha mjini Spokane maarufu kwa mpira wa kikapu na kisicho na timu ya futiboli. Tarehe 30 Juni 2025 kilifuata Texas State, na kwa hicho idadi ya timu za futiboli ilitimia nane. Uanachama wa wapya hawa huhesabiwa kuanzia 1 Julai 2026.